Wakili wa kujitolea si nusu wakili

Imani ya siku nyingi inasema wakili asiyelipwa hufanya kazi nusunusu, hivyo mwanamke anayedai talaka, matunzo ya watoto au urithi wa ardhi ni heri akope kuliko kupokea msaada huo. Si kweli, na imani hii imewanyima wengi haki zao. Kinachosamehewa ni ada ya wakili tu. Wajibu wa kutunza siri, kuepuka mgongano wa maslahi na kuzingatia muda wa kisheria haupungui hata kidogo. Akizembea, anaweza kulalamikiwa kwenye chombo cha nidhamu cha mawakili kama mwingine yeyote.

Kesi hizi huharibikia kwingine. Gharama za kufungua shauri, kupeleka wito, tafsiri na nakala za hukumu mara nyingi hubaki kwa mteja. Muulize wakili mapema kama mahakama inaweza kuzisamehe. Kisha kuna mipaka ya makubaliano. Wakili anaweza kuchukua kesi ya awali pekee, mteja akadhani na rufaa imo, siku za kukata rufaa zikapita. Makubaliano yawe ya maandishi.

Kesi ikihusu vitisho au kipigo, ushahidi nao hupotea upesi. Ujumbe wa vitisho usiufute hata baada ya kuupiga picha, kwa sababu tarehe na namba ya mtumaji ni sehemu ya ushahidi. Aliyepigwa apimwe na daktari kabla alama hazijafifia. Na ikiwa simu ya mteja hushikwa na mumewe, ampe wakili namba nyingine iliyo salama.