Je, wajua kwa nini mwanafunzi mpya hupotea chuoni kabla hata ya mtihani wa kwanza?

Kijana wa Lamu akiitwa chuo kikuu, shangwe huanzia jeti. Sanduku hupakiwa botini hadi Mokowe, basi hupita Witu na Garsen, na kwa anayekwenda Eldoret, akifika Malindi ndiyo kwanza safari inaanza. Nyumbani watu hupumua: ameripoti, basi yumo. Lakini kuripoti si kubaki. Wengi wanaoacha mwaka wa kwanza hawakushindwa na masomo. Walishindwa na karatasi, pesa na ukimya, na kwa kawaida mambo hayo matatu hukamatana katika wiki sita za mwanzo.

Karatasi ndiyo inayowapata wengi bila wao kujua. Siku ya kuripoti mwanafunzi hupeleka barua ya kuitwa, hati ya matokeo ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), nakala za kitambulisho, picha, fomu iliyojazwa na daktari na ushahidi wa karo. Hupewa nambari ya usajili, akapiga picha langoni, akaituma kwa mamake. Hapo amesajiliwa kuwa mwanafunzi wa chuo, lakini hajasajiliwa katika somo hata moja. Yuniti, yaani masomo ya muhula, mara nyingi sita hadi nane, anatakiwa azisajili mwenyewe kwenye tovuti ya wanafunzi, na hakuna atakayemfuata chumbani kumkumbusha.

Usajili huo hukwama kwa njia zinazojulikana. Kiwango cha karo kinachotakiwa kisipolipwa, mfumo hufunga ukurasa, naye akadhani ni mtandao mbovu. Yuniti za pamoja, kama stadi za mawasiliano au elimu ya UKIMWI, hufundishwa na idara nyingine, kwa hiyo humponyoka anayeangalia orodha ya idara yake tu. Na wapo wanaochagua yuniti zote sawasawa wasibonyeze kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Dawa ni kuufungua ukurasa tena siku ya pili, kulinganisha orodha na ratiba iliyobandikwa idarani, kisha kuipiga picha na kuihifadhi.

Dalili ya kwanza ya tatizo huonekana darasani. Karatasi ya mahudhurio hupitishwa kutoka dawati hadi dawati, na aliyekosa jina lake kwenye orodha iliyochapishwa huliandika kwa kalamu pale chini. Wiki inayofuata huliandika tena, na ya tatu vivyo hivyo, mpaka akazoea. Jina la kalamu lisimridhishe mtu. Majaribio atakayofanya yatasahihishwa, lakini maksi hazitakuwa na pa kuingizwa, na siku ya kuchukua kadi ya mtihani ataambiwa hayumo. Jina likikosekana wiki ya pili, aende ofisi ya idara wiki hiyohiyo, akiwa na picha ya orodha yake mkononi. Muhula ukifika mwezi wake wa tatu, jambo lililokuwa la dakika kumi huwa la barua, sahihi tatu na kubembeleza.

Pesa nazo zina mtego wake. Tangu 2023, mwanafunzi wa chuo cha umma nchini Kenya aliyepangiwa nafasi na serikali hulipiwa kwa mafungu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu), na sehemu ya familia, kila mmoja kwa daraja la uhitaji aliowekwa. Kila fungu lina njia yake na wakati wake. Sehemu ya familia ndiyo inayodaiwa mapema, ilhali mkopo huja baada ya maombi kukubaliwa na chuo kuthibitisha kwamba mwombaji yupo kweli. Kwa hiyo aliyeondoka Lamu kwa matumaini kwamba HELB itamkuta chuoni huenda akakaa wiki kadhaa bila senti. Laini ya simu anayoombea iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Laini ya mama au ya kaka hukwamisha maombi ya watu kila mwaka, na ni kosa dogo mno kulipia gharama kubwa namna hiyo. Mkopo pia huombwa upya kila mwaka wa masomo, na anayesahau hilo hugutuka mwaka wa pili akiwa na deni. Anayeona amewekwa daraja la uhitaji lisilolingana na hali ya nyumbani ana haki ya kukata rufaa. Basari ya eneo bunge na ya kaunti ziombwe pia, ila zisiwekwe kwenye hesabu ya chakula, kwa sababu pesa zake huenda kwenye akaunti ya chuo.

Fedha za matumizi zikiingia, hesabu ni hii. Tuseme ni shilingi 20,000 za muhula wa wiki 16: ni 1,250 kwa wiki, chakula na vifurushi vya data ndani yake. Godoro, ndoo na sufuria vikinunuliwa humo, wiki nne za mwisho zimekwisha kuliwa. Vitu hivyo vinunuliwe na michango ya nyumbani kabla ya safari, au vitafutwe kwa wanaohama hosteli, ambao huuza kwa bei ya kutupa. Koili ya kuchemshia maji msimnunulie: hosteli nyingi zimeipiga marufuku, na wanaokagua vyumba wanajua inakofichwa.

Sasa ukimya, na hapa sisi watu wa pwani tuna udhaifu wetu. Ukimpigia mtoto ukamuuliza, "Hujambo mwanangu?" atajibu "Sijambo." Ukiuliza "Salama huko?" atajibu "Salama, alhamdulillahi," hata kama hajala tangu jana. Adabu ndivyo ilivyomfundisha. Anayetaka kujua hali aulize mambo yenye jibu moja: Jumanne uliingia darasa gani? Jina lako limo kwenye orodha au bado unaliandika kwa kalamu? Mkononi una shilingi ngapi mpaka mwisho wa mwezi? Nani anajua chumba chako? Hilo la mwisho ndilo zito. Asiyejulikana chumba chake na mtu hata mmoja anaweza kukosa darasa wiki mbili pasiwe wa kuuliza.

Mwanasosholojia wa Marekani Vincent Tinto aliandika mwaka 1975 kwamba mwanafunzi hubaki chuoni kwa kushikwa na kamba mbili, ya masomo na ya watu, na zikilegea huanza kujitoa. Ya watu ndiyo inayolegea upesi kwa mtoto wa mbali. Kaskazini ya Rift baridi humkausha midomo, darasani ni Kiingereza, hosteli ni Sheng, na akisema kwa lafudhi ya Kiamu wenzake hucheka, pengine bila ubaya. Yeye huona ni yeye peke yake asiyefaa pale. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani Walton na Cohen walichapisha jaribio lililochukua kama saa moja tu: wanafunzi wapya walisoma maneno ya wakubwa wao, kwamba wasiwasi wa kujiona mgeni humpata kila mtu na hupungua. Alama za wanafunzi Weusi waliopata somo hilo zilipanda kwa miaka mitatu iliyofuata. Saa moja ya namna hiyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Shela au Malindi anaweza kuitoa bila bajeti yoyote, alimradi aseme ukweli wa muhula wake wa kwanza, asijigambe.

Maneno peke yake hayatoshi, lakini. Mpango wa ASAP wa chuo kikuu cha jiji la New York, ulioanza 2007, huwapa wanafunzi wa stashahada ya miaka miwili mshauri wanayelazimika kuonana naye mara kwa mara, vitabu, na kadi za usafiri. Wanafunzi walipogawanywa kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango na wengine nje, waliomaliza ndani ya miaka mitatu walikuwa 40 kwa kila 100 ndani ya mpango, dhidi ya 22 nje yake. Angalia hiyo kadi ya usafiri: nauli imewekwa sahani moja na ushauri. Huku kwetu la kulinganisha ni chakula. Miaka hii Ramadhani inaangukia muhula unaoanza Januari, na mahali ambapo mkahawa wa chuo hufungwa mapema, mfungaji hukosa futari wala daku hana pa kuinunua. Wanafunzi wanne wakichanga na kukubaliana zamu ya kununua, hilo limekwisha.

Na ikiwa mambo yamezidi, mathalani ugonjwa, msiba au karo, asifunge sanduku usiku. Kuna kuahirisha masomo: barua kwa mkuu wa kitivo kupitia idara, ikieleza sababu na kuambatishwa ushahidi, kisha jibu la maandishi. Jibu hilo ndilo linalomhifadhia nafasi. Anayeondoka kimya huhesabiwa ametoroka masomo, deni la muhula humbakia, na kurudi huanza kwa kujieleza mbele ya kamati.

Likizo ya Desemba nayo huwapunguza watu kimyakimya. Mtoto huja nyumbani kwa nauli ya mwisho aliyokuwa nayo, Januari ikafika bila ya kurudia. Nauli ya kurudi itengwe Septemba, iwekwe kwa mtu asiyekopeka. Akifika chuoni, azisajili yuniti za muhula wa pili siku hiyohiyo, maana zile za kwanza hazijiendelezi zenyewe.