Kabla ya Kubadilisha Boila, Pima Maji Yanayorudi

Bili ya gesi ikipanda, wenye nyumba wengi hufikiria kwanza kununua boila mpya. Mara nyingi boila waliyo nayo haina kosa. Kasoro huwa kwenye namna ilivyosetiwa na namna maji yanavyozunguka kati yake na rejeta za ukutani, na nyingi kati ya kasoro hizo hurekebishwa kwa bisibisi, spana na subira. Hapa tunazungumzia mfumo ulioenea zaidi: boila ya gesi inayopasha maji, pampu inayoyasukuma mabombani, na rejeta zinazotoa joto vyumbani.

Gesi inapoungua hutoa moshi wenye mvuke wa maji. Mvuke huo umebeba joto, na ukiachwa utoke nje, joto hilo limepotea. Boila za kisasa, zile za mtonesho, ambazo Uingereza ilizifanya kuwa za lazima kwa karibu boila zote mpya za gesi tangu mwaka 2005, zimetengenezwa ili kulidaka. Moshi hupitishwa kando ya maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta. Maji hayo yakiwa yamepoa vya kutosha, mvuke hugeuka matone na kuachia joto lake, ambalo ni takriban asilimia 10 ya nishati yote iliyomo kwenye gesi. Sharti ni kwamba maji yanayorudi yawe chini ya nyuzi 55 za Selsiasi hivi, na kadiri yanavyopoa zaidi ndivyo faida inavyoongezeka. Yakizidi hapo, mvuke huondoka na joto lake, na boila uliyoilipia fedha nyingi inafanya kazi karibu sawa na ya zamani.

Unaweza kujua hali ikoje bila kifaa chochote. Chini ya boila ya mtonesho kuna bomba jembamba la plastiki linalopeleka maji ya matone hayo kwenye mfereji. Liangalie pale rejeta zinapokuwa zimewaka kwa nusu saa. Kama maji yanatiririka mfululizo, mambo ni mazuri. Kama bomba ni kavu au linadondosha tone la hapa na pale, maji yanarudi yakiwa moto mno.

Sababu ya kwanza ni kwamba fundi aliyefunga boila aliiacha kwenye nyuzi 75 au 80. Hufanya hivyo ili asiitwe tena na mteja anayelalamika baridi, na simlaumu sana. Lakini nyuzi hizo zinahitajika kwa siku chache tu za baridi kali, ikiwa zinahitajika kabisa. Kwenye boila inayopasha maji ya bomba papo hapo huwa kuna vitufe viwili, kimoja chenye alama ya bomba la maji na kingine chenye alama ya rejeta. Teremsha hiki cha rejeta hadi 60, kaa nacho siku kadhaa, kisha jaribu 55. Chumba kikishindwa kufikia joto unalolitaka, pandisha nyuzi 5.

Ujue kitu kimoja kabla hujaanza: rejeta yenye maji ya nyuzi 70 kwa wastani, katika chumba cha nyuzi 20, ikishushiwa maji hadi nyuzi 50, itatoa karibu nusu tu ya joto ililokuwa ikitoa. Kwa hiyo nyumba itachukua muda mrefu kupata joto, na muda wa kuwaka uliowekwa kwenye saa ya mfumo inafaa uwe wa mapema zaidi. Rejeta haitakuunguza mkono tena. Hiyo si dalili ya ubovu, ingawa ndiyo inayowafanya watu wengi warudishe kitufe kilipokuwa siku ya pili tu.

Wenye tangi la maji ya moto wawe waangalifu zaidi. Maji yanayohifadhiwa yakikaa vuguvugu huwa makazi ya bakteria wa lejionela, wanaosababisha homa kali ya mapafu. Tangi lipashwe hadi nyuzi 60. Kama boila yako ina kitufe kimoja kinachoendesha rejeta na tangi kwa pamoja, usikishushe chini ya 65 kabla ya kuzungumza na fundi.

Sababu ya pili haizungumzwi sana, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote: rejeta hazijasawazishwa. Maji hupita penye upinzani mdogo. Rejeta iliyo karibu na pampu hupata maji mengi kupita kiasi, ikayarudisha yangali moto, huku ile ya mwisho wa nyumba ikibaki baridi upande mmoja. Mwenye nyumba hupandisha nyuzi za boila ili chumba kile cha mwisho kipate joto, na maji yanayorudi yanazidi kuwa moto. Pampu kubwa zaidi haisaidii, hufanya mambo kuwa mabaya zaidi.

Kila rejeta ina vali mbili. Moja ndiyo unayoizungusha kila siku. Nyingine, upande wa pili, imefunikwa kofia ya plastiki, na ndiyo ya kusawazishia. Fungua kabisa vali zote za kila siku, washa boila mfumo ukiwa umepoa, kisha zunguka nyumba ukigusa mabomba na kuandika mpangilio: ipi imepata moto kwanza, ipi ya mwisho. Ile ya kwanza, ondoa kofia, funga vali hiyo yote kwa spana, halafu ifungue robo ya mzunguko. Inayofuata ifungue kidogo zaidi, hadi ile ya mwisho ambayo utaiacha wazi. Ngoja nusu saa, halafu pima joto la bomba linaloingia na linalotoka katika kila rejeta. Vipimajoto viwili vya kubana kwenye bomba vinatosha. Kwa boila ya mtonesho tunatafuta tofauti ya nyuzi 15 hadi 20. Tofauti ikiwa ndogo, maji yanapita haraka mno, bana kidogo. Ikiwa kubwa mno, fungua. Kila ukigusa moja, nyingine hubadilika, kwa hiyo tenga mchana mzima na usitafute ukamilifu.

Kazi hiyo haina maana kama rejeta zina hewa au tope. Rejeta iliyo baridi juu na moto chini ina hewa. Zima mfumo, uache upoe, weka kitambaa chini ya kitundu cha juu pembeni, zungusha kifunguo taratibu mpaka mlio wa hewa uishe na maji yaanze kutoka, kisha funga. Baada ya hapo angalia geji ya presha: mfumo uliofungwa, yaani ambao maji yake hayaguswi na hewa ya nje, ukiwa baridi unapaswa kuwa kati ya bar 1 na 1.5. Rejeta iliyo moto juu na baridi chini katikati ina tope jeusi, ambalo ni kutu ya chuma cha rejeta zenyewe. Hilo huhitaji kusafishwa, kisha kuwekwa dawa ya kuzuia kutu na kichujio cha sumaku kwenye bomba la kurudi. Kama unalazimika kuongeza maji kila baada ya wiki chache, usizoee. Maji mapya huleta oksijeni mpya, na oksijeni huleta kutu. Tafuta panapovuja, au tangi la upanuzi, lile linalopokea maji yanapotanuka kwa joto, lililoishiwa hewa.

Themostati, kifaa kinachopima joto la chumba na kuizima boila likifika, nayo ina imani zake potofu. Kuiweka 30 hakuharakishi joto, kunachelewesha tu kuzima. Kuwasha mfumo mchana kutwa kwa moto mdogo ukiwa haupo nyumbani hakuokoi gesi, kwa sababu nyumba hupoteza joto kulingana na tofauti kati ya ndani na nje, na nyumba yenye joto hupoteza muda wote. Kupunguza nyuzi 1 tu huokoa takriban asilimia 7 ya nishati ya kupasha nyumba, kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati. Vali za rejeta zenye namba zitumike vyumbani, isipokuwa katika chumba kilicho na themostati kuu. Vikiwekwa pamoja vinagombana: vali inafunga, chumba hakifiki joto, na boila haijui kwamba wakati wa kuzima umefika. Pazia refu linalofunika rejeta huziba vilevile. Mabomba yanayopita darini au chini ya sakafu isiyo na joto yavalishwe sponji.

Yako mambo ambayo hupaswi kuyagusa. Kifuniko cha boila yenyewe hufunguliwa na fundi mwenye leseni ya gesi, naye aikague mara moja kwa mwaka na kupima moshi wake. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayoweza kutoka kwenye boila mbovu, haina rangi wala harufu, na king'ora chake kifungwe katika chumba chenye boila. Fundi huyo akija, mwombe pia akuonyeshe uwezo wa juu uliowekwa kwa upande wa rejeta. Boila nyingi zinazopasha maji papo hapo zina kilowati 24 au zaidi kwa ajili ya bafu, ilhali nyumba ya wastani iliyozibwa vizuri haihitaji hata 10 kwa kupasha vyumba. Boila kubwa kupita mahitaji huwaka, huzima, huwaka tena kila dakika chache, na kila mwasho una hasara yake. Menyu ya ndani huruhusu kuipunguza, na ni kazi ya dakika 10.

Boila isiyo na lile bomba la plastiki la matone ndiyo hasa inayostahili kubadilishwa. Hapo mtake fundi akupigie hesabu ya joto linalopotea kwa kila chumba kabla hajakutajia ukubwa wa boila mpya. Akikupa kilowati zilezile za boila ya zamani bila kupima ukuta wala dirisha, tafuta mwingine.