Kutaja seva hakukupi hataza

Dhana inayochosha kuliko zote ni hii: mbinu ya biashara ikikataliwa hataza (haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako), chomeka "seva", "prosesa" na "kumbukumbu" kwenye madai, yaani sentensi za ombi zinazotaja unachotaka kilindwe, nayo itageuka uvumbuzi. Haigeuki. Mwaka 2014, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, Mahakama ya Juu ya Marekani iliyakataa madai ya aina hiyo. Wazo lilikuwa la mtu wa kati anayehakikisha kila upande wa muamala unatimiza wajibu wake, na madai yalitaja hadi chombo cha kuhifadhia data. Majaji wote tisa walikubaliana: wazo ni dhahania, na kompyuta ya kawaida inayofanya kazi zake za kawaida haiongezi kitu.

Chukua dai hili: "Seva inapokea maombi ya mkopo, inakokotoa alama za mwombaji, inatuma jibu." Futa seva, weka karani mwenye daftari na kikokotoo. Kama dai bado linasomeka vizuri, huna kitu. Linganisha na Diamond dhidi ya Diehr, 1981: kompyuta inapokea mfululizo vipimo vya joto la ndani ya kalibu ya mpira, inakokotoa upya muda wa kuiva kwa mlinganyo wa Arrhenius (kanuni ya kemia inayohusisha joto na kasi ya mmenyuko), kisha mashine inafunguliwa muda ukitimia. Mlinganyo ulikuwa wa kale. Kilichokubaliwa ni mchakato wa kutengeneza mpira.

Kwa hiyo usinieleze mteja wako anafurahi kiasi gani. Nieleze tatizo la kiufundi (ucheleweshaji, kumbukumbu kujaa, usalama wa data) na hatua gani hasa inalitatua. Hatua hiyo iandikwe ndani ya dai lenyewe; ikibaki kwenye maelezo tu, imepotea. Na "haraka zaidi" kwa sababu tu mashine imechukua nafasi ya mkono, hiyo haihesabiwi.

Ulaya inawadanganya wengi. Kutaja kompyuta kunakuvusha mlango wa kwanza, Kifungu cha 52 cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya, watu wakashangilia. Kisha unakuja mtihani wa "hatua ya uvumbuzi" (je, jambo hili lisingekuwa dhahiri kwa mtaalamu?), ambako vipengele visivyochangia ufumbuzi wa kiufundi havipewi uzito. Ikibaki seva ya kawaida peke yake, ombi linaangukia hapo.

Dhana nyingine ninazozisikia, na majibu yangu:

"Programu haipewi hataza kabisa." Hupewa, sheria ya Ulaya inakataa programu kama programu tu.

"Hakuna aliyewahi kulifanya, basi linastahili." Upya ni mtihani mwingine. Wazo dhahania likiwa jipya ni dhahania vilevile.

"Hakimiliki inatosha." Inalinda msimbo ulivyoandikwa. Mshindani akiandika wake mwenyewe unaofanya kazi ileile, hujamzuia.

"Tuzindue kwanza, tuone soko." Marekani inampa mvumbuzi miezi 12 ya kuwasilisha ombi tangu atangaze uvumbuzi wake. Ulaya, ukishaonyesha hadharani jinsi inavyofanya kazi, kwa kawaida upya umekwisha. Wasilisha ombi kwanza, na tafadhali usiniletee rundo la kurasa za msimbo: chora chati mtiririko, kila hatua na namba yake.