Tableti si dashibodi ya ndege

Ukikaa na wenye ndege ndogo pale Kisongo, Arusha, hukosi kusikia hili: "Skrini za gharama za nini? Tableti inaonyesha kila kitu." Naelewa kishawishi, maana bei ya skrini iliyoidhinishwa, ile ya kufungwa kwenye dashibodi ya ndege, inauma. Ila hiyo "kila kitu" si kweli.

GPS ya tableti inajua ndege inasogea upande gani juu ya ardhi. Haijui pua imeelekea wapi, na upepo wa ubavuni ukivuma, hayo ni mambo mawili. Dira yake ya ndani nayo huchanganywa na vyuma na nyaya za ndege. Wala huwezi kuitegemea ikwambie kama mabawa yamelala sawa. Ukimezwa na wingu karibu na Meru, mlima wa mita 4,562, hilo ndilo swali la kwanza. Skrini ya kufungwa hulijibu kwa vihisi vya mwendo, usumaku na shinikizo la hewa.

Halafu joto. iPad imetengenezwa kutumika hadi nyuzi 35 tu. Iache chini ya kioo jua la mchana, itajizima yenyewe.

Sisemi uiache nyumbani. Kwa ramani haina mfano, mradi uzisasishe. Data za safari za anga hubadilika kila siku 28.

Ukifika dukani usianze na ukubwa wa skrini. Uliza: inasomeka juani? Umeme wa ndege ukikatika, itawaka kwa dakika ngapi?