Mshtuko hauanzii moyoni: dhana potofu kuhusu tezi za adrenali

Kijana wa bodaboda akiponea chupuchupu kugongwa na trela pale Malaba, mikono humtetemeka na jasho likamtoka hata kama asubuhi ina baridi. Wenzake humwambia moyo umeshtuka.

Ukweli ni kwamba moyo umetii amri tu. Amri hutoka ubongoni, ikashuka kwa neva hadi kwenye tezi mbili za adrenali zilizokaa juu ya figo, kila moja ikiwa na gramu 4 au 5 hivi. Katikati ya tezi hizo mna seli za kromafini, na ndani ya kila seli mna maelfu ya vifuko vidogo mno vilivyojaa adrenalini, homoni inayoufanya moyo uende mbio, iliyokwisha kutengenezwa, ikiwa imeshikamana na protini ili isivuje. Ncha ya neva humwaga kemikali ya asetilikolini, vitundu vya kalsiamu kwenye utando wa seli hufunguka, kalsiamu huingia. Hapo vifuko vilivyokuwa vimekwisha kusogezwa kwenye utando huungana nao na kumwaga shehena yao nje, kuelekea kwenye damu. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kisha dakika 2 au 3 tu zinatosha kupunguza adrenalini hiyo kwa nusu.

Wengine hudhani homoni zote za msongo huwekwa akiba namna hiyo. Sivyo. Kotisoli, inayotoka kwenye gamba (sehemu ya nje) la tezi hizohizo, haina akiba ya maana, kwa kuwa inapenya utando wa seli kwa urahisi na kifuko hakiwezi kuizuia. Hutengenezwa upya kutokana na kolesteroli kila ubongo unapoagiza, na ndiyo sababu hupanda taratibu.

Halafu kuna hili dai la "adrenali zimechoka", eti msongo huzimaliza nguvu tezi, linalouzia watu vidonge na majani ya kila aina. Mshtuko mmoja hutumia sehemu ndogo tu ya vifuko, na seli hujaza vingine. Madaktari wa homoni hawautambui ugonjwa huo. Uchovu usiokwisha upimwe: upungufu wa damu, kisukari, malaria, VVU. Tezi zinazokufa kweli zina ugonjwa wake, ule alioueleza daktari Thomas Addison wa London mwaka 1855: mtu hukonda, presha hushuka, hutamani chumvi, na mistari ya viganja na ufizi hupiga weusi. Kifua kikuu ni mojawapo ya visababishi vyake, na hapa Uganda kifua kikuu bado tunacho.

Dhana inayonitia hofu zaidi ni kwamba dawa kama prednisoloni au deksamethasoni unaweza kuiacha siku yoyote ukijisikia nafuu. Vidonge hivi hufanya kazi ya kotisoli. Ukivimeza kwa wiki kadhaa, ubongo huacha kuagiza, na gamba la tezi husinyaa. Ukikatiza ghafla, kisha homa kali au ajali ikakupata, mwili huita kotisoli isiyokuwepo. Presha huporomoka na mtu anaweza kufa. Dawa yenyewe ni nzuri, imeokoa wengi wenye pumu. Lakini aliyeimeza zaidi ya wiki 3 apunguziwe dozi kidogo kidogo na daktari. Na akianza kutapika, asingoje kesho: aende kituo cha afya na aseme mapema, kabla ya kuulizwa, kwamba alikuwa kwenye dawa hizo.