Kabla hujauliza mbegu ina mafuta asilimia ngapi

Wanaoniletea mbegu za kupima huanza na swali hilohilo: zina mafuta asilimia ngapi? Kwa mkamuaji, swali hilo linatosha. Kwa anayetafuta dizeli ya mimea, bado.

Chukua nyonyo, au mbarika. Karibu nusu ya uzito wa mbegu yake ni mafuta, na ukame hauitishi. Lakini karibu asilimia 90 ya mafuta hayo ni asidi ya risinoleiki, ndiyo maana ni mazito kama asali. Hata ukiyageuza kwa methanoli yawe dizeli, mnato wake kwenye nyuzi 40 hubaki karibu milimita mraba 15 kwa sekunde, ilhali kiwango cha Ulaya cha dizeli ya mimea, EN 14214, kinataka 3.5 hadi 5. Nozeli haiwezi kuyapuliza vizuri. Mimi ningewauzia watengenezaji wa vilainishi na vipodozi.

Alizeti ya kawaida ina kasoro nyingine. Imejaa asidi ya linoleiki, ambayo hewa huiharibu upesi, kisha tangi na filta zinashika utando unaonata. Kipimo chake cha iodini, kinachoonyesha wepesi wa mafuta kuharibiwa na hewa, hufika 130 hivi. Ulaya mwisho ni 120. Hapa ndipo uchaguzi wa aina unapolipa. Mwaka 1976 watafiti wa Urusi ya Kisovieti walitoa Pervenets, alizeti yenye kwa wingi asidi ya oleiki, ambayo hewa haiiharibu upesi, na aina zilizotokana nayo hushusha iodini chini ya 90. Hata aina moja hubadilika: joto likizidi wakati mbegu zinajaa, oleiki hupanda. Sampuli ya shamba moja, msimu mmoja, siiamini.

Mbono (jatrofa) nao? Mafuta yake yanafaa kabisa. Lakini mashamba yaliyofunguliwa Kisarawe na Kilwa miaka ya 2000 yalipanda mmea wa ua na makaburini, usio na aina zilizoboreshwa, na mavuno hayakutabirika. Mashudu yake ni sumu, hayalishi ng'ombe, wakati ya alizeti yana soko.

Kipimo kingine nisichoruka ni cha asidi huru, yaani asidi za mafuta zilizokwisha kujitenga. Mafuta kidogo ndani ya spiriti, matone ya fenolfthaleini (dawa inayobadili rangi kwenye alkali), kisha alkali tone kwa tone, huku ukitikisa, mpaka rangi ya waridi igome kupotea. Asidi hizo zikizidi asilimia 2 au 3, kichocheo cha alkali unachotumia kutengeneza dizeli kitakupa sabuni. Mara nyingi aina haina kosa. Mbegu zililundikwa zikiwa na unyevu. Aina unazolinganisha zikaushwe na kuhifadhiwa pamoja, na tarehe ya kuvuna iandikwe kwenye kila mfuko.