Kuacha namba si kuomba grupu

Wauzaji wengi wa Darajani na Chake Chake huamini kwamba mteja akishaacha namba ya simu, ruhusa ya kumtia kwenye grupu la WhatsApp wanayo. Hawana. Namba aliitoa apelekewe kanga zake, basi. Ndani ya grupu kila mtu anaiona namba ya mwenzake. Dada aliyenunua udi asubuhi, usiku anapigiwa na asiyemjua. Tangu 2019 mtu anaweza kuchagua nani amuingize grupuni, lakini wangapi wamegusa mpangilio huo?

Badala ya grupu, ipo orodha ya matangazo (broadcast) ya WhatsApp: unatuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256, kila mmoja anapokea peke yake, tena aliyehifadhi namba yako tu. Asiyekuhifadhi hapati kitu. Muombe akuhifadhi, akiwa bado dukani.